Kura ya Hamza

Mimi si mtu wa siasa, na kadi yangu ya kura ilikaa kabatini miaka mingi bila kuguswa. Hata hivyo wasichana wanaokuja kwangu Likoni kabla ya kupanda ndege, wakitaka habari za kupiga pasi na za madam wakali, huishia kusikia habari za uchaguzi wa India. Juzi mmoja, mtoto wa jirani yangu, alinikatiza. "Bi Mishi, hayo ya Wahindi yananihusu nini mimi ninayekwenda kuosha vyombo?" Nikamwambia akae, maana mimi nimeshastaafu na sina haraka.

Nilifika Riyadh wakati ule kila mtaa wa Mombasa una ajenti, na kila ajenti ana picha ya jumba la ghorofa kwenye simu yake. Madam alikuja uwanja wa ndege na dereva. Akakaa nyuma akichezea simu, mimi nikawekwa pembeni yake na mkoba magotini, tukaenda hivyo mpaka mtaa wa Al-Suwaidi bila neno. Dereva alikuwa Mhindi mwembamba wa Kerala, masharubu kayachana vizuri, jina lake Hamza. Alipokuwa akinishushia sanduku akaninong'oneza, kwa Kiarabu cha kuokoteza na Kiingereza kibovu kuliko changu, kwamba nikiitwa niitike kwanza, halafu ndiyo nisogee. "Wanataka kusikia sauti," alisema. "Ukija kimya watasema unanyemelea." Nimefundishwa mengi na wengi, lakini hakuna lililonifaa kama hilo.

Wiki ya kwanza niliunguza kanzu ya Baba, mume wa madam. Kanzu ya Msaudia si kanzu yetu ya Ijumaa, jamani. Ni nyeupe pepepe, ina kola ngumu, na mwenyewe huvaa mbili kwa siku. Niliiacha pasi kifuani nikamkimbilia mtoto aliyekuwa akilia, kurudi nikakuta alama ya njano. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Hamza akaichukua, akaipeleka kwa dobi mmoja wa kwao, ikarudi imetakata, na madam hajui hadi leo. Kisha akanifundisha: kola kwanza, mikono pili, kifua mwisho, na kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na nguo. Wasichana, lishikeni hilo. Na nambari ya ikama, yaani kibali chenu cha kuishi, iandikeni mahali mbali na simu, maana simu huchukuliwa.

Jikoni kulikuwa na dirisha la kutazama uani, na chumba cha Hamza kilikuwa kando ya geti. Baada ya sala ya alasiri madam alilala, nami nikampitishia Hamza chai ya maziwa yenye iliki pale dirishani. Yeye haruhusiwi ndani, mimi siruhusiwi nje, lakini dirisha hakuna aliyelitungia sheria. Chai yeye alilipia kwa habari. Kila Ijumaa alishuka Batha, sokoni kwa wageni, akarudi na gazeti la lugha yao, herufi zote za mviringo kama visheti. Akanisomea, akanitafsiria, akabishana nalo. Balaa langu lilianzia hapo.

Maana Hamza alikuwa na maoni, subhanallah! Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne India ilipata waziri mkuu mpya, na Hamza hakumpenda hata kidogo.

"Anazungumza vizuri, hilo simnyimi," aliniambia. "Akisimama jukwaani hata mimi namsikiliza mpaka chai inapoa. Lakini Mishi, kiongozi akipendwa kama bwana harusi, raia wanageuka wapambe. Kazi ya mpambe ni kushangilia. Nani atamwambia bwana harusi kilemba kimekaa upande?"

"Basi wewe uko upande wa upinzani," nikasema, ili nami nionekane najua kitu.

"Upinzani?" Alinusurika kupaliwa. "Wamelala fofofo! Uongozi wanaachiana kama vyombo vya bibi. Baba kampa binti, binti kampa mwana, mwana kamwachia mke. Nitawapigia kura, lakini nitawapigia huku nimenuna."

Siku nyingine hakufanya mzaha. Aliniambia yeye ni Mwislamu, na babu wa babu yake kazikwa palepale kijijini kwao, nyuma ya msikiti. "Sitaki kufika siku mtu aniulize kama pale ni kwetu. Basi. Siasa yangu yote ni hiyo." Akamaliza chai, akaenda kuosha gari.

Na mimi nikamwonea wivu. Nalisema waziwazi kwa sababu nimezeeka na aibu imepungua. Sikumwonea wivu kwa kutoka nje atakavyo, wala kwa chumba chake chenye ufunguo, ingawa hivyo navyo vilinikera. Nilimwonea wivu kwa namna alivyosema "serikali yangu" hata akiwa anaitukana. Nilipotaka kumjibu kwa kusema "yangu" nilikuta sina la kuongeza. Kwetu mtaani watu waliwahi kubishana uchaguzi mmoja, na ubishi ulipokwisha wengine wakahama, wengine hawakurudi. Mama yangu akatufundisha kunyamaza, tukaweza sana. Nilikwenda Saudia nikiwa fundi wa kunyamaza, na kwa kazi ile ilikuwa sifa.

Madam alikuwa na mshonaji wake wa mabaibui pale Batha, Mhindi wa kaskazini aliyempenda yule waziri mkuu kufa na kupona. Siku moja nilipelekwa na binti mkubwa wa madam kuchukua nguo. Binti akabaki garini na simu yake, sisi tukaingia dukani.

"Mama yangu amepika kwa kuni maisha yake yote, macho yamekwisha kwa moshi," mshonaji alimpigia Hamza kelele kabla hatujasalimiana vizuri. "Sasa ana jiko la gesi. Nani kampa? Gazeti lako?"

"Mtungi wa kwanza kampa! Wa pili nani anaujaza?"

"Na choo je?"

"Choo kisicho na maji ni kibanda!"

Walifokeana kwa Kihindi, wakarudi kwenye Kiarabu ili nami nifaidi, na mshonaji alikuwa na mkasi mkononi. Mimi nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilikuwa najua mambo hayo yanakoishia. Kumbe mshonaji akauweka mkasi, akamimina chai vikombe viwili, akamuuliza Hamza kama goti limepona. Wakanywa. Nilisimama na mabaibui mikononi nikiwatazama, roho inaniuma kwelikweli. Hata ugomvi wao ulikuwa mtamu.

Mwaka wa kumi na sita waziri mkuu huyohuyo akaja Riyadh. Akaenda mpaka wanakoishi wafanyakazi wao, akaketi akala nao. Asubuhi ile Hamza akaja dirishani. "Mishi, nipe pasi."

"Unakwenda?"

"Siendi popote. Nitatazama kwenye simu."

"Sasa shati la nini?"

Akaangalia chini kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Si amekuja," alisema.

Yaani miaka miwili ananitukania mtu kila alasiri, na siku ya kumtazama kwenye simu, peke yake chumbani, anataka shati lililonyooka! Nikafikiria mimi nani atanijia mpaka jikoni. Nikamwambia pasi imeharibika. Ilikuwa nyuma yangu, moto, inatoa mvuke. Akavaa shati lenye makunyanzi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kenya kupiga kura. Riyadh hakukuwa na kituo chetu, kwa hiyo kwangu mimi ilikuwa siku ya kufua mapazia. Aliyenikumbusha ni Hamza. "Leo siku yenu! Unamtaka nani?" Nikamtajia jina moja kubwa ili aniache. "Na wa kata yenu? Diwani wako nani?" Sikumjua. Sikumjua hata kwa chama. Nikamwambia mambo ya kwetu hayamhusu, nikalifunga dirisha kwa kishindo. Siku mbili hakupata chai. Siku ya tatu alikuja na biskuti, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kisha Baba akahamishiwa kazi Jeddah, nasi, mimi na Hamza, tukahama naye pamoja na jokofu. Kazi ya Jeddah ina mambo yake. Joto lake lina unyevu, na kanzu uliyoitia wanga ikasimama kama ubao hulegea kabla mwenyewe hajafika mlangoni, halafu unaulizwa wewe. Dawa yake ni kupiga pasi dakika ya mwisho, Baba akiwa anakunywa kahawa. Huko pia kulikuwa na bibi wa kutunzwa, mama yake Baba, aliyekuwa hawezi kusimama. Dirisha la jikoni lilikuwa dogo kuliko la Riyadh, lakini gilasi ya chai ilipita.

Mwaka wa kumi na nane wanawake wakaruhusiwa kuendesha, na madam akawa wa mwanzo mtaani kwenda kujifunza. Aliyekuwa akikaa naye garini jioni akimwelekeza kurudi nyuma na kuegesha ni Hamza. "Namfundisha kunifukuza," aliniambia, akacheka peke yake. Mimi sikuona cha kucheka, na nadhani yeye pia hakukiona.

Ndipo ukafika uchaguzi wao mwingine, karibu kabisa na Ramadhani. Kwa sheria yao Mhindi aliye nje akitaka kupiga kura ni lazima arudi akasimame kituoni kwao kwa miguu yake, na watu wa Kerala kwa hili ni wendawazimu, hujaza ndege. "Ule wa kumi na nne ulinipita," Hamza alisema. "Huu haunipiti." Akaomba ruhusa ya wiki tatu. Ujue kwa nyumba kama ile, kuomba ruhusa karibu na Ramadhani ni kama kuomba uazimwe paa la nyumba. Likizo yangu mimi ilikuwa imeahirishwa mara mbili.

Madam akamkubalia! Nilipomuuliza Hamza amewezaje, akaegemea dirisha, akashusha sauti. "Nimempa habari ya mama anaumwa. Habari ya kura hawezi kuielewa." Akacheka, mabega yakamtikisika. Nami nikacheka. Nikajua basi mama yake ni mzima na Hamza ni mjanja.

Siku tatu zilizofuata nilimtazama kwa kijicho. Alikuwa akiimba uani akiosha gari. Alinionyesha picha za wagombea, akanieleza yupi mwizi, yupi mvivu, na yupi yeye atampa, tena huku amenuna. "Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, utaona." Mungu anisamehe, nilitamani ndege yake ikose mafuta.

Siku ya nne nilikuwa jikoni nakunja sambusa za kugandisha kwa ajili ya Ramadhani, mia na ushei. Madam akaingia kuonja nyama. Akasema, kwa huruma tupu, "Maskini Hamza. Mungu amponye mama yake."

Sikuinua macho. Nilikuwa nimeshika sambusa, nabana ncha yake.

"Mama yake mzima, madam. Anakwenda kupiga kura."

"Kura? Kura ya nini?"

"Ya serikali yao."

Akaacha kutafuna. "Amenidanganya kwa mama yake mzazi?" alisema, akafuta vidole, akatoka.

Nililisikia lote pale dirishani. Madam alimuuliza Hamza kama ni kweli anakwenda kupiga kura, naye hakukana. "Ni kweli, madam."

"Na mama yako?"

"Na mama anaumwa vilevile."

"Halas, Hamza! Usiniongezee." Akamwambia achague: abaki mpaka baada ya Idi, au aondoke moja kwa moja, ikama ifungwe, asirudi. Mimi mwenyewe nilipomsikia akisema mama anaumwa vilevile, niliona ni uongo juu ya uongo. Nikasubiri aseme atabaki. Hilo ndilo nililolitaka, wala sikutaka zaidi: abaki, akose, akae dirishani mwangu akiwa sawa na mimi. Nani anaacha kazi ya miaka kumi na mbili kwa ajili ya karatasi ya kutumbukiza sandukuni?

Hamza akaomba siku moja afikiri. Kesho yake akamwambia madam anakwenda.

Alikuja kuniaga na sanduku lake pembeni. Hakuwa na hasira, ila uso ulikuwa umemwingia ndani. "Nani kamwambia, Mishi? Wewe unamdhania nani?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Alimshuku dereva wa nyumba ya pili, Mhindi mwenziwe, shabiki wa waziri mkuu. "Lazima ni yeye. Hataki kura yangu ifike."

"Watu wabaya," nikasema.

"Wabaya," akasema, akanirudishia gilasi.

Baada ya wiki mbili picha ikaingia kwenye simu yangu. Ni mlango wa shule, na mwanamke mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, mpira wa hewa puani, amekonda mpaka mashavu hayapo. Hamza ameinama nyuma yake, kamshika chini ya makwapa. Wote wawili wameinua kidole chenye wino. Chini kaandika: "Daktari alikataa. Mama akasema nibebe."

Nikakumbuka kwamba mwezi mmoja nyuma, tulipokuwa tukimpakia bibi garini, Hamza aliniuliza namna ya kumwinua mgonjwa bila kumuumiza. Akataka nimwonyeshe tena. Nikamwonyesha: magoti uyakunje, mikono uipitishe makwapani, umwambie kabla ya kumwinua. Nilidhani anataka kunisaidia kazi. Wala hakumdanganya madam hata neno moja. Alicheka tu pale dirishani, kama wanaume wanavyocheka wasije wakalia, na mimi nikasikia nilichotaka kukisikia.

Mama yake alifariki ndani ya Ramadhani, kabla matokeo hayajatoka. Yalipotoka, mbunge wake Hamza alipita, lakini India ilimrudisha yule yule bwana harusi, tena kwa kishindo. Hamza akaniandikia: "Tumeshindwa vibaya. Uchaguzi ujao, inshallah." Na mimi, baada ya yote niliyomtendea, nikaona wivu tena. Mtu hana kazi, hana mama, ameshindwa, na bado ana uchaguzi ujao.

Siku za mwisho za mfungo madam alikuwa hoi. Anaendesha mwenyewe sokoni, kwa wakwe, shuleni, na ubavu wa gari alikwishaukwaruza kwenye nguzo. Akaja jikoni akakaa kwenye stuli yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mishi, huna habari za Hamza? Moyo wangu una shaka. Kama mama yake kweli alikuwa mgonjwa, namtolea visa mpya arudi."

Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na picha ilikuwa ndani yake. Neno moja tu, na mtu angerudi kazini kwake.

"Mafi, madam," nikasema. "Sina habari."

Wasichana hunitetea hapo. Husema nilikuwa na hofu, ningefukuzwa kwa kumpa madam habari ya uongo. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini kilichonifunga mdomo ni kwamba nilimwona Hamza akirudi, anasimama pale nje, ananyoosha kidole chenye wino apokee chai yangu. Nisingeweza kukitazama kidole kile. Madam akashusha pumzi, akasema basi, wiki ijayo ataagiza dereva mwingine.

Niliendelea na kazi ile miaka kadhaa, nikaimaliza vizuri, nikarudi na mizigo yangu na shukrani za madam. Kwa hiyo mkiniuliza kazi ya ndani inataka nini, nitawaambia habari za kola na wanga na nambari ya ikama, na yote ni kweli. Hamza sasa ana duka dogo kijijini kwao. Kila Idi hunitumia sauti, kwa kile Kiarabu chetu cha viraka. Huanza kwa kulalamikia serikali yake, robo saa nzima, kisha huniuliza diwani wangu anafanya nini. Halafu humalizia kwa maneno yale yale, hajawahi kuyabadilisha: anamshukuru Mungu kwamba katika nyumba ile yote alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia siri yake, na mtu huyo hakuitoa.

Nami humjibu, "Amin, Hamza. Idi njema."